Mlango Ulioshinda Kila Kipimo

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni mhandisi. Akili kazitoa kwangu, maana baba yake namjua. Kazi yake ni kuvunja milango bila kuigusa: anauchora mlango kwenye kompyuta, anaukatakata vipande kama kitunguu, kisha anausukuma kwa hesabu aone utapasukia wapi.

Sasa kompyuta, pamoja na ujanja wake wote, haijui kwamba kitu hakipiti ndani ya kitu. Usipoiambia kuwa mlango na fremu vinagusana, mlango unapenya fremu kama harufu ya samaki inavyopenya pazia. Na ukiiambia, lazima utaje uso upi ni bwana, yaani unaosukuma, na upi ni mtumwa, unaosukumwa. Nilimwambia hayo hata kwangu yapo, ila nani mtumwa asimuulize mke wangu.

Kiwanda kilimchukua kwa majaribio. Mlango wa bohari ukipita, anaajiriwa. Ukifeli, anarudi kulala kwenye kochi langu, na kochi langu nalipenda.

Ulipita ajabu. Aliusukuma kwa upepo, kwa lori, kwa kundi la ng'ombe wa kufikirika, wala haukutikisika. Meneja akamwita mnunuzi papo hapo. Ndipo binti alipogundua kosa: kati ya mlango na fremu hakuweka "vinagusana", aliweka "vimegandishwa". Alikuwa amepima ukuta.

Akaenda kukiri. Meneja, mtu wa sifa kuliko kazi, akasema basi shida iko wapi, kama kompyuta imetaka gundi, ipewe gundi. Akajifungia ndani ya chumba cha maonyesho, ambako mlango wenyewe wa chuma ulikuwa umeshawekwa, ili aje afungue kwa mbwembwe, akaamuru mlango upakwe gundi ya chuma pande zote. Atatokaje, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mnunuzi, mama mwenye mabega ya kubeba friji, akausukuma. Akarudi nyuma, akauvamia. Akaridhika mno. Kisha akaomba ufunguliwe.

Sauti ya meneja ikatoka ndani, ikieleza kwamba huo ndio uimara wenyewe.

"Kumbe uko humo?" mama akauliza.

"Nimo, mama. Karibu."

Mama akamgeukia mpwa wangu. "Binti, wewe ndiye uliyeupima. Ninunue?"

Hapo kochi langu likapata homa.

"Usinunue, mama. Nilipima ukuta. Mlango bado."

Mama akacheka mpaka akauegemea, akasema ataungoja huo mlango, ila apime binti huyu huyu. Meneja alikuwa keshamfukuza kazi, kwa kelele, kupitia tundu la ufunguo.

Akaitwa fundi wa kukata chuma. Fundi akagoma: mali ya kiwanda haikatwi bila idhini ya mhandisi, na mhandisi ndiye huyo aliyefukuzwa.

Kule ndani viatu vikaanza kwenda na kurudi. Mtu anafikiri.

"Mwanangu," meneja akasema kwa upole, "nimekuajiri."

"Ya majaribio, bosi?"

"Ya kudumu. Mwambie akate."

Mpwa wangu akachukua chaki, akamchorea fundi pa kuanzia.