Taa ya Joto na Goti la Bibi

Nikiwa bado sijaanza shule, mimi na mama tulikaa kwa bibi mzaa baba, kijiji kimoja upande wa Igogwe. Baba alikuwa ameshafariki. Tuliishi kwa migomba aliyotuachia, na mama hakuwa na shamba lingine.

Mwaka huo goti la bibi lilivimba. Alishindwa kwenda kanisani, akashindwa hata kuinama kupalilia. Wazee wakasema si bure, kuna mtu wa nyumba hii ana hasira naye. Kwetu Wanyakyusa waliamini hivyo: hasira ya ndugu ikikaa kifuani hutoka na pumzi, ikamwingia mtu kama baridi. Dawa yake ni kusema. Mwenye hasira anasema mbele ya wote, anapuliza maji kwa mdomo, na neno linakwisha. Halirudiwi tena.

Kabla wazee hawajakaa, baba mdogo alimpeleka bibi mjini Tukuyu, mtaa wa Bagamoyo. Miaka ile watu binafsi walikuwa wameanza kuruhusiwa kufungua zahanati, na moja ya pale ilikuwa na taa ya joto, yenye mwanga mwekundu. Mimi nilibeba mkoba wa bibi.

Muuguzi alimlaza, akaisogeza taa karibu na goti.

"Ikiunguza sema, bibi. Usivumilie."

Bibi akacheka. "Kumbe Tukuyu jua lipo! Mmelificha humu ndani, sisi huko tunanyeshewa."

Muuguzi naye akacheka mpaka akashika ukuta. Nakumbuka uso wa bibi ulivyolainika kwenye ule wekundu. Tulirudi pale mara kadhaa, na kila tukirudi alikunja mguu vizuri zaidi. Lakini nyumbani aliendelea kushika fimbo. Baba mdogo alikuwa amesema, "Ya taa tusiyatangaze. Watu wana maneno." Niliona ni siri yetu nzuri, sisi watatu; hata mama sikumwambia.

Kikao kikafanyika Jumapili baada ya ibada. Ndugu wengine walisema vineno vyepesi, shangazi akasema hana kitu. Mama alikaa nyuma karibu na mlango, kama kawaida yake. Baba mdogo akamgeukia.

"Shemeji, wewe ndiye uliyefiwa. Huwezi kukosa neno. Toa, mama apone."

"Sina, shemeji."

"Toa tu. Ukisema limekwisha. Si unajua?"

Mama alijua, na aliamini. Akapiga magoti mbele ya bibi.

"Mama, siku ya msiba ulichukua koti la mume wangu ukampa mdogo wake, hata kaburi halijakauka. Lile koti nilikuwa nalala nalo. Nilikukasirikia. Ni hilo tu."

Akapuliza maji. Bibi akamshika kichwa, wakalia wote wawili. Usiku ule mama alipika huku anaimba.

Asubuhi bibi alitoka bila fimbo. Alitembea mpaka barabarani, majirani wakashangilia. Kisha nikasikia wanavyosema: kumbe ni mke wa marehemu, alikuwa anamla mama mkwe polepole. Hata shangazi alisema. Neno lililopaswa kuisha likawa ndiyo kwanza limeanza.

Nilimkimbilia bibi mbele za watu. "Bibi, waambie ni ile taa!"

Baba mdogo alikuwa amesimama karibu, amevaa lile koti. Bibi alitazama mikono yake mwenyewe.

"Taa gani, mjukuu wangu?"

Hakunikemea. Aliuliza kwa upole, kama mtu asiyejua kweli.

Kabla mvua hazijakatika, mama alirudishwa kwao Mpuguso, nami nikiwa nyuma yake na godoro kichwani. Migomba yetu ikawa ya baba mdogo. Mama hakumtaja bibi kwa ubaya. Aliniambia tu, "Niliambiwa niseme."

Juzijuzi, mgongo uliponisumbua baada ya kujifungua, nililazwa chini ya taa kama ile. Joto liliingia taratibu, maumivu yakalegea, na nilielewa jinsi bibi alivyopata nafuu. Hilo la kukaa kimya bado sijalielewa. Labda alimwogopa mwanawe, maana ndiye angemlisha uzeeni. Nimejaribu kumsamehe kwa sababu hiyo, lakini wakati mwingine sauti yake ile ya upole inanirudia, nami nashindwa.

Huku nilikoolewa mtu akiugua tunaitwa vilevile, kila mmoja aseme lililo moyoni. Siidharau mila hii. Nimeona watu wakisema, wakalia, wakarudi kula sahani moja. Ikifika zamu yangu nasema sina neno. Mama mkwe huwaambia wenzangu waniige, nina moyo safi, nami nainamisha kichwa.