Warda na Mashine Mpya

Kila asubuhi Warda, mchapaji, alipangusa vitufe vya kompyuta kwa pindo la leso yake. Ofisi ya kuchapa ya Mzee Muange, hapo Ukunda, ilikuwa imeacha kompyuta ya zamani ya DOS na kununua mashine mpya ya Windows. Warda alikwishapata kazi nyingine katika hoteli ya Diani, lakini aliahidi haondoki kabla mashine mpya haijachapa kadi za harusi.

Akaanza kuingiza programu, diski baada ya diski. Mara mashine ikaganda.

"Si nilisema tuite fundi!" Muange aling'aka.

"Mzee, umeifunika kitambaa ikiwa yafanya kazi. Imeshikwa na joto."

"Nazuia chumvi ya upepo wa bahari isiiharibu!"

"Zuia ikishazimwa."

Warda alikiondoa kitambaa, akaiacha mashine ipoe, akaanza upya. Jioni kadi ya kwanza ikatoka, safi.

"Na kesho nikikwama?"

"Hukwami, mzee. Kwaheri."

Akatoka kwenda kwenye kazi yake ya hoteli, wala hakurudi.