Aliyepanda Mkokoteni

Juzi, Makadara, nilimwona hamali amempakia mwanawe juu ya mkokoteni, na wivu wa zamani ukanipanda tena.

Alasiri ile ya utotoni, uwanja wa shule yetu ulinukia viazi karai vya nje ya ukuta. Mwalimu wa sayansi alileta mkokoteni atuonyeshe jinsi uzito unavyozuia mwendo.

"Nahitaji mtu mzito," akasema, akamchagua Rukia.

Tulimsukuma, magurudumu yakilia. Alijifunika uso kwa mtandio kama bi harusi, nami nikadhani anaringa. Kesho yake nilikwenda shule na mawe mifukoni. Mkokoteni ulikuwa umesharudishwa kwa mwenyewe.

Rukia, shoga yangu hadi leo, huniambia, "Siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Namhurumia, wallahi. Lakini aliyepanda ni yeye.