Nilivyowaonea Wivu Wanaokwenda Chooni

Wapendwa mnaoondoka kesho kwenda porini na mizigo mgongoni, chef wa timu amenipa nafasi nizungumze nanyi kabla ya safari. Naitwa Bernadette. Wengi hapa mtaani, commune ya Tshopo, wananiita Ya Berna, wengine Yaya, yaani dada mkubwa. Nitasema mambo ya tumbo na ya mavi, na nitayaita kwa majina yake. Anayeona haya aangalie chini, lakini masikio ayaache wazi.

Zamani mimi ndiye niliyekuwa naonewa wivu. Katika timu yetu ya kupima miti tulikuwa wanawake wawili tu, mimi na Nadège, na mzigo wangu ulikuwa mzito kuliko wa wanaume fulani fulani ambao siwataji. Tulikwenda kwa pikipiki mpaka mbele ya kijiji cha Bengamisa, kisha tukaingia porini kwa miguu. Huko tulifungua njia kwa panga, tukazungushia miti kamba ya kupimia, tukalala chini ya turubai. Jioni nilitwanga ndizi za makemba kuwa lituma kwa ajili ya wote, na bado nilibaki na nguvu za kucheka. Mume wangu Trésor, fundi wa kuchomea vyuma kule Simi-Simi, aliwaambia rafiki zake, "Bibi yangu iko na mugongo ya mwanaume." Nilipenda sana kusikia hivyo.

Safari moja mvua ilikuwa nyingi. Tulipiga kambi kando ya kijito, maji baridi, safi kwa macho, unaona mchanga chini. Kikundi kingine cha timu yetu kilikuwa kimelala upande wa juu wa kijito hicho hicho. Hakuna aliyechimba choo, huko wala kwetu. Mtu alijificha nyuma ya mti wa karibu, akafanya haja, akatupia jani, akarudi. Wengine walichuchumaa pale pale ukingoni ili wapate maji ya kunawa. Mvua ilifagia yote ikayatia kijitoni, nasi tuliokuwa chini tukachota kwa bidoni tukanywa. Kuni zilikuwa mbichi, nani angechemsha? Mimi na Nadège tulikunywa kwa kikombe kimoja, tukipokezana.

Tuliporudi mjini, kichwa kikaanza kuniuma. Kisha homa, ambayo kila jioni ilipanda zaidi ya jana. Nikameza dawa ya malaria, maana hapa kila homa tunaiita malaria. Haikushuka. Harufu ya mboga ya pondu ikawa inanichefua. Kwanza choo kilifunga, tumbo likajaa. Halafu kikafunguka, yakatoka maji ya kijani yenye harufu ya kuoza. Nilikuwa nakwenda kwenye kabine, choo chetu cha uani, nikishika ukuta. Mama yangu akapanda mtumbwi wa moteri kutoka Yanonge, akafika, akanigusa shingo.

"Hii haiko malaria, mwanangu. Twende hospitali."

"Kesho, Mama. Leo uniache nilale."

Nilisema kesho, kesho, mpaka asubuhi moja. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, maumivu yakaja kana kwamba mtu amenichoma kisu akiwa ndani yangu. Nililia mpaka majirani wakatoka mbio. Tumbo likakakamaa, gumu kama ubao. Nikatapika nyongo. Trésor akanipakia kwenye pikipiki, akanibana kati yake na dereva, tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya chini. Alibonyeza tumbo mara moja, nikapiga ukelele, akaacha.

"Ni typhoïde, homa ya matumbo," alimwambia Trésor. "Utumbo umetoboka, mavi inamwangika ndani ya tumbo. Donc tunapasua sasa hivi."

"Atapona?"

"Tukichelewa, hapana. Tukifanya haraka, tutajaribu."

Nilipoamka, upande wa kulia wa tumbo langu palikuwa na kitu chekundu, chenye unyevu, mfano wa mdomo mdogo. Ulikuwa utumbo wangu wenyewe. Walikuwa wameutoa nje wakaushona kwenye ngozi, na juu yake wakabandika mfuko. Daktari alinieleza polepole, "Mama Bernadette, utumbo unahitaji kupumzika. Kwa sasa choo kitapita hapa. Ukipata nguvu, tutaurudisha ndani."

Wapendwa, hapo ndipo nilipojua wivu ni kitu gani.

Mfuko haungoji. Unajaa ukila, unajaa ukilala, unajaa ukisali. Mavi membamba yanachuruzika, yakigusa ngozi yanaunguza kama pilipili. Niliporuhusiwa kwenda nyumbani na mifuko ya hospitali ikakosekana, Mama alifunga plastiki za sokoni kwa kitambaa. Jumapili moja plastiki ilifunguka katikati ya ibada. Watu wa benchi langu wakasogea kidogo kidogo bila kuniangalia. Nilirudi nyumbani kitenge kimelowa mpaka magotini, na sikwenda tena kanisani.

Kabine yetu iko uani, tunaitumia pamoja na majirani. Nilikuwa nakaa kwenye kiti na kuwaangalia wakipita na makopo yao ya maji. Kuna jirani mmoja, mzee mwenye miguu ya kuvimba. Aliingia, akakaa, akatoka akifunga mkanda na kupiga mluzi. Nilimchukia kwa ajili ya mluzi ule. Mtoto wangu Dorcas akiwa juu ya poti yake aliita, "Mama, nimemaliza!" Nikamwonea wivu mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Lakini hakuna niliyemwonea wivu kama Nadège. Alikuja kuniona amesuka nywele, ngozi inang'aa, tumbo lake limetulia chini ya kitenge kipya. Kikombe kimoja! Nilimwuliza daktari kwa nini mwenzangu hakuugua. "Miili haifanani," akasema. Jibu hilo halikunisaidia kitu. Nadège alisonga fufu, akapika samaki, akampakulia Trésor, akimwita shemeji. "Semeki, kula, unakonda sana." Mimi nikiwa chumbani nilisikia vijiko vinagonga sahani, nikasikia wanacheka. Trésor alikuwa ameshahamishia mto wake kwenye mkeka. Alisema anaogopa kuugonga mfuko akiwa usingizini. Mimi nilisikia maneno mengine: harufu.

Siku hiyo nilimwambia, "Nadège, usikuje tena hapa."

Akashtuka. "Yaya, nimekosa nini?"

"Umekosa kuugua."

Alikwenda. Baadaye nikasikia yuko porini na timu, amepewa nafasi yangu. Nilimwona kichwani akiwa na mzigo wangu mgongoni, akitwanga lituma yangu, wanaume wakimsifu. Nililala na picha hiyo, nikaamka nayo.

Waliporudi, alikuja kwetu pamoja na chef mwenyewe, Papa Albert. Wakakaa uani. Papa Albert akaanza kucheka.

"Ya Berna, huyu mudogo wako alitutesa! Tulifika kambini, hata mizigo hatujashusha, akasimama na kijembe, ile jembe kidogo ya kuchimbia. Anasema hakuna mutu atakula mpaka choo ichimbwe. Akatuambia yote, mfuko yako, utumbo yako, yote. Wanaume wazima wakachimba. Alors, sasa kila mutu iko na kijembe yake."

Mnadhani nilifurahi? Nilichemka. Amechukua nafasi yangu, amemlisha mume wangu, na sasa amechukua hata ugonjwa wangu! Nimepasuliwa mimi, anasikilizwa yeye. Nikasimama.

"Nani alikupa ruhusa ya kutandaza utumbo wangu mbele ya watu?"

Nilisimama kwa hasira kiasi kwamba plastiki ikapasuka. Yote yakashuka mguuni. Papa Albert akageuza uso wake. Nadège akanishika mkono, akaniingiza ndani, akanilaza. Aliosha ngozi kwa maji ya vuguvugu, taratibu, akizunguka ule mdomo mwekundu, na pua hakuikunja.

"Yaya," akasema chini chini, "kule porini tumbo ikiniuma kidogo tu, nafikiri: bon, sasa ni mimi. Sipati usingizi. Nakuonea wivu."

"Wewe? Mimi?"

"Wewe ilishakupata, ukapigana nayo, uko hai. Mimi niko nangoja."

Wivu wangu haukutoka siku hiyo, nisiwadanganye. Lakini sikumfukuza tena, na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akibadilisha mfuko.

Daktari aliporidhika na mwili wangu, alinipasua mara ya pili, akaunganisha utumbo, akaurudisha ndani. Akakataza chakula mpaka nitoe hewa. Basi Mama, Trésor na Nadège wakakaa kuzunguka kitanda wakingoja shuzi langu kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Lilipotoka, Mama alipiga vigelegele, wagonjwa wa wodi nzima wakacheka huku wakishika nyuzi zao. Baadaye kikaja choo chenyewe. Nilikaa pale nikalia kwa sauti. Trésor alikuwa nje ya mlango.

"Berna, uko sawa?"

"Niache. Ninafurahi."

Tulipofika nyumbani, aliuokota mto wake mkekani akaurudisha kitandani.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari, Mama na Trésor. Namshukuru Nadège, amekaa pale nyuma, na asijivune.

Nanyi, kila mmoja abebe kijembe. Tafuta mahali pa juu ambapo mvua haipiti, mbali na kambi na njia, mbali mpaka usisikie tena sauti ya kijito. Chimba shimo la kina cha shibiri, fanya haja yako, rudisha udongo, ukanyage. Pedi za akina mama msizifukie, zirudi mjini ndani ya mfuko uliofungwa. Nawa kwa sabuni, au kwa majivu kama sabuni imekwisha. Chemsha maji, hata kuni zikitoa moshi wa kukuliza. Na homa isiposhuka, usiseme kesho kama mimi.

Mimi siendi nanyi. Daktari amenikataza mizigo bado. Kesho nitasimama barabarani niwaangalie mkipanda pikipiki, mmeshiba, mmefunga mikanda yenu, na nitawaonea wivu nyote. Rudini wazima, nipate wa kuwaonea wivu tena.