Wasimamizi wa Njia ya Sange

Binti yetu wa kwanza aliolewa Sange, kwa mkulima wa mpunga, na katika mwaka ninaoukumbuka hapa alikuwa na mimba ya miezi minane. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa karibu na nyanya yake, mama wa mama. Lakini safari hii haikuwa jambo la desturi tu. Kituo cha afya cha jirani yake kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya vita. Wauguzi walikuwa wamevuka mto Ruzizi kwenda Burundi na walikuwa wamebeba hata mizani ya kupimia watoto. Ilimbidi afike kwetu Uvira kabla ya uchungu kuanza. Kati yake na sisi kulikuwa na njia moja ya gari, na njia hiyo leo ilipitika, kesho haikupitika, na hakuna aliyeweza kulijua hilo bila kuambiwa na mtu aliyeko huko.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kundi letu la simu. Lilianzishwa na dereva wa basi dogo, mtu wa maneno machache, ambaye alituingiza humo abiria wake wote. Aliyekuwa Kiliba, katikati ya njia, akisikia mlio wa bunduki aliandika. Aliyeona gari limepita salama aliandika. Madereva wengine wa stendi walizoea kutowasha gari kabla ya kusoma. Mimi nina duka dogo Kimanga, mtaa wa Uvira, nauza kalamu na sabuni na nachaji simu za watu kwa sahani za umeme wa jua, na kila asubuhi nilisoma kundi hilo kabla ya kuondoa ubao wa mlango.

Lilifanya kazi vizuri mpaka lilipopendwa. Watu waliingiza ndugu zao, na ndugu wakaingia na mambo yao: maombi ya kufunga, picha za vitenge, mbuzi aliyepotea, mabishano kuhusu nani alifika wa kwanza katika tambarare hii, enzi za mababu. Kisha mtu mmoja akaandika kwamba wenye bunduki wameingia Kavimvira, mlangoni mwa mji. Nusu ya mtaa wa Kasenga ilipanda mlimani na magodoro. Jioni, watu walipokuwa wakishuka, aliyeandika aliulizwa aliwaona wapi. Alijibu kwamba hakuwaona, aliwaota, ila ndoto zake kwa kawaida hutimia.

Dereva akafunga kundi asiweze kuandika mwingine ila yeye. Ujumbe wake, wa kututaka tuchague wasimamizi, ulikuwa mfupi: “Muchague bamoderateri. Minye niko dereva, siko polisi. Mukimaliza nitafungua.”

Kwa kuwa hatukuweza kujadiliana ndani ya kundi, tulikutana ana kwa ana katika ua wa kanisa moja la Kasenga. Mimi nilifanywa mwenyekiti. Shule niliiacha mapema, lakini ilijulikana kwamba ninacho kitabu cha Kifaransa, kisicho na jalada, kinachoeleza namna ya kuendesha mkutano, na kwamba nilikisoma chote peke yangu kwa msaada wa kamusi. Nilipendekeza wasimamizi watatu, mmoja Uvira, mmoja Kiliba, mmoja Sange, wote wakiwa watu wanaofanya kazi kando ya barabara na wenye simu inayokaa na moto, yaani chaji. Niliona hakuna la kuongeza. Nilikuwa nimemwambia mke wangu aniwekee chakula cha mchana.

Mama anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, alisimama. “Papa prezida, huyu wa Uvira iko Muprotestanti. Wa Kiliba vilevile. Sisi Bakatolika hatupitake mu hiyo njia?”

Hapo ndipo ilipoingia jeopolitike. Msomaji wa mbali anaweza kudhani ni elimu ya nchi na mipaka. Kwetu jeopolitike ni desturi kwamba katika kamati yoyote, hata ya kuchimba choo cha shule, kila upande uwe na mtu wake ndani, na pande hazihesabiwi na mtu mmoja bali kila mtu huhesabu za kwake.

Tukaongeza Mkatoliki. Alikuwa wa Kasenga, kwa hiyo Kimanga ikadai wake. Kimanga ikaleta mwanamume, kwa hiyo wamama wakadai mwanamke. Kisha akasimama mzee aliyevaa koti la baridi katika jua lile.

“Na sisi ba ku milima?”

“Mzee, kwenu rezo haiko, simu haishike,” kijana mmoja alimjibu. “Moderateri wenu ataandika na nini?”

“Njo sababu! Tunakosa rezo, tena tukose na moderateri?”

Watu walipiga makofi, na milima ikapata mtu wake.

Baadaye lilikuja suala la lugha. Watu wengi hawaandiki, hutuma sauti, na wengine hutuma kwa Kifuliiru au Kirundi. Ni haki msimamizi aelewe anachokisimamia. Lakini msimamizi wa Kirundi hawezi kuwa mmoja, alisema muuza mihogo, kwa sababu akiugua itakuwaje? Na kama wa Kirundi ana msaidizi, kwa nini wa Kifuliiru asiwe naye? Watu wa Sange walikuwa wakitupigia simu na kutaja majina ya upande wao, nasi tulikuwa tukiyasawazisha na ya upande wetu. Mimi nilisikiliza kila hoja nikitafuta kasoro ndani yake, kama kitabu changu kinavyofundisha, na sikuiona. Kila hoja ilisimama vizuri. Zilipokusanywa pamoja ndipo zilipokuwa wazimu, na mpaka hapo jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya mlima na kila aliyekuwa katika kundi alikuwa msimamizi.

Isipokuwa mtu mmoja. Sange walimpendekeza binti yangu kwa upande wa wanawake vijana, nami nikakataa: mwenyekiti hawezi kumpa mtoto wake cheo. Nilishangiliwa sana kwa hilo. “Prezida iko muntu ya haki,” walisema. Na mwalimu mmoja mstaafu aliona faida nyingine.

“Ni muzuri abaki raia mumoja,” alisema. “Bila raia, serikali iko ya nini?”

Kabla ya kutawanyika tulipitisha kanuni mbili. Ya kwanza, mambo ya binafsi hayaruhusiwi. Ya pili, habari ya njia haitatoka mpaka wasimamizi wawili, wasio wa upande mmoja, wawe wameiona kwa macho yao. Hii ya pili niliiandika mimi, kwa sababu ya yule wa ndoto. Kesho yake dereva alitumia asubuhi nzima kubonyeza jina moja moja na kumpa kila mtu mamlaka. Kisha akafungua kundi.

Kukawa kimya. Hakuna aliyeandika chochote, kwani kila mmoja sasa alikuwa kiongozi na aliogopa kukosea. Aliyeona gari Kiliba hakuwa na wa pili. Aliyekuwa na wa pili alikuta ni wa kanisa lake. Na kwa kuwa kundi lilinyamaza, madereva hawakuwasha magari. Na kwa kuwa magari hayakwenda, hakuna aliyeiona njia. Na kwa kuwa hakuna aliyeiona, haikuweza kuthibitishwa. Nilikaa dukani nikilizungusha jambo hilo kichwani na sikuona pa kulikata.

Sauti pekee ilikuwa ya binti yangu. Aliandika: “Mwaramuka wote. Njia iko wazi leo? Niko na mimba, nataka kufika kwa mama.” Ujumbe ulifutwa kabla sijamaliza kuusoma. Aliuliza tena, ukafutwa na msimamizi mwingine. Mara ya tatu nadhani walikuwa wanashindana, maana niliwahi kuona neno la salamu tu, ukatoweka. Wasimamizi hawa wote walikuwa na hamu ya kazi, na kazi yenyewe ilikuwa yeye. Mmoja wao, fundi viatu wa Kimanga, alipita dukani kunipongeza.

“Papa, binti yako iko natupatia kazi muzuri sana.”

Jioni binti yangu alinipigia. “Papa, nilifanya kosa gani?”

“Hukufanya kosa. Uliuliza bila ushahidi.”

“Kuuliza kunatakaka ushahidi?”

Aliniambia kwamba miguu imevimba na mtoto ameshuka, na kwamba mume wake anataka kumbeba kwa baiskeli mpaka Uvira, kama gunia la mpunga, njia iwe wazi au isiwe wazi. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu akisikia yote. Aliponinyang'anya simu na kumaliza kuzungumza na mtoto wake, alinigeukia.

“Weye njo prezida. Mutoto akizalia mu shamba ya mupunga, hiyo kanuni yako itamukata kitovu?”

Usiku huo nilikisoma kitabu changu tena, nikaona kwamba kanuni ikishindwa kutekelezwa mezani, wajumbe hutumwa kwenda kuona. Kulipokucha niliwapigia wa Sange na kuwaambia: tokeni wawili kwa upande wenu, sisi tutatoka wawili kwa upande wetu, tukutane katikati, ushahidi utakuwa umepatikana. Nilimwomba binti yangu afungashe.

Kwetu Uvira wawili wakawa sita, wenye pikipiki, maana hakuna aliyekubali kuwakilishwa na jirani. Sange walijaza basi. Lilikuwa basi la yule dereva mwanzilishi, lililokuwa limelala huko tangu kimya kianze. Yaliyotokea mlangoni mwa basi nilisimuliwa na yeye. Wasimamizi walikuwa wameketi wote, binti yangu akaja na mkoba wake na mume wake nyuma, na mama mmoja aliyeketi mbele akamzuia.

“Dada, hii ni delegasyo, gari ya bajumbe. Weye hauko moderateri.”

“Munaenda kuangalia njia?”

“Ndiyo.”

“Na minye naenda kuiangalia. Uniachie hiyo kiti, mama, kabla sijazalia ku magoti yako.”

Alipewa kiti. Mume wake alibaki, kwa kuwa kiti chake kingevuruga usawa uliokuwa umepatikana kwa shida ndani ya basi. Alilifuata basi kwa baiskeli mpaka mwisho wa Sange, kisha akasimama akapunga mkono.

Kabla ya Kiliba kulikuwa na kizuizi cha askari. Askari alichungulia ndani akauliza wao ni watu gani. Wakamwambia wao ni bamoderateri.

“Shefu wenu ni nani?”

Kila mmoja alijibu, wote kwa mara moja, kwamba shefu ni yeye mwenyewe.

Askari aliuliza tena. “Bote bakubwa? Mudogo wenu ni nani?”

Wakamwonyesha binti yangu. Askari alilitazama tumbo lake, akawaambia wenzake wainue kamba, na hakuomba kitu, jambo ambalo dereva anasema hajaliona tena.

Sisi tulilikuta basi mbele kidogo ya hapo. Hatukuwa tumesikia mlio wowote, nao hawakuwa wamesikia. Mashahidi walikuwa wengi, wa kila upande, wakiwa wamesimama katikati ya njia wanayoithibitisha. Ilibaki kuandika. Mwalimu mstaafu alitaka iandikwe kwamba njia iko wazi. Mtu wa milima, aliyepata rezo hapo kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, alitaka iandikwe kwamba iko wazi kwa sasa. Mama wa ndagala aliuliza “sasa” hiyo itaisha saa ngapi. Nami, lazima niseme, nilianza kueleza tofauti ya kuthibitisha na kutabiri, nikiwa nimesimama dirishani mwa basi, mpaka nilipohisi mkono umenishika shati.

“Papa,” alisema binti yangu polepole, “hii tumbo haijue kura.”

Nilimtazama uso. Nikamwambia dereva aondoke.

Tuliingia Uvira sisi mbele na basi nyuma, wasimamizi wakibishana madirishani. Madereva wa stendi walipoona gari limetoka Sange likiwa limejaa watu wazima wanaogombana, hawakungoja neno lolote la kundi. Walianza kupakia. Ile sentensi yetu haikuandikwa siku hiyo.

Alijifungua kesho yake, alfajiri, katika chumba chenye mkunga na kitanda na maji ya moto. Msichana. Niliandika kwenye kundi kwamba mtoto amezaliwa salama, hasa ili baba yake apate kusoma kule Sange, kwa sababu simu yake ilikuwa haipokei. Ujumbe ulifutwa. Sikuwa na shahidi wa pili, na tena lilikuwa jambo la binafsi. Lakini jambo la binafsi lililotokana na safari rasmi lilionekana na wengine kuwa la umma, na saa chache baadaye wasimamizi wawili walisimama mlangoni kwetu, fundi viatu na Mkatoliki wa Kasenga, wametumwa kuona kwa macho.

Mke wangu aliwaruhusu wafike kizingitini. Walimtazama mtoto kwa muda mrefu na kwa heshima. Kisha fundi viatu akauliza kwa sauti ya chini ahesabiwe wapi, kwani baba ni wa Sange na amezaliwa Uvira, na mwenzake akasema ikiwa ni wa Uvira basi Sange watadai mwingine.

“Badai kwa baba yake,” alisema mke wangu, “iko na nguvu bado.”

Walitoka, wakaandika kwa pamoja kwamba habari ya mtoto imeonekana, na haikufutwa na mtu. Siku ya pili njia ilifungwa tena, safari hii kwa muda mrefu, na mkwe wangu hakuweza kufika. Alitutumia swali moja kwenye kundi, kuuliza mtoto anafanana na nani. Nilikaa nikiutazama ujumbe ule, nikingoja ufutwe. Binti yangu alikuwa ananyonyesha. Aliomba simu, akaandika kwa kidole kimoja: “Anafanana na weye.” Hakuna msimamizi aliyeugusa.