Inkosi, Induna na Neno Moja la Kiingereza

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Louisville, msimamizi wa wakalimani aliniambia, "Mama Nabintu, wewe ni sauti tu. Huongezi, hupunguzi." Nilikuwa mgeni, nakaa mtaa wa Newburg, na wenzangu wote kutoka Kivu walikuwa wakibeba maboksi kwenye maghala ya South End. Niliyashika maneno yake kama amri ya Mungu. Ninyi vijana mnaoingia ukalimani leo, mtaambiwa hivyohivyo. Ni amri nzuri. Lakini nimeona watu wakijificha nyuma yake, na hilo bado linanichoma.

Mbali na Kiingereza, lugha zangu zilikuwa Kiswahili cha Bukavu, Kifaransa, na Kizulu nilichojifunza sokoni Durban, tulipokaa huko kama wakimbizi kabla ya kuletwa Marekani. Akina mama wa Kizulu walinifunza na heshima za vyeo. Mfalme wao mkuu huitwa iSilo, yaani mnyama mkali. Inkosi ni mtawala wa eneo, na cheo chake ni cha kuzaliwa. Induna huteuliwa. Zamani alikuwa jemadari au mshauri wa mfalme. Wakati wa Wazungu jina hilohilo wakapewa wanyapara wa migodini. Siku hizi induna husimamia kitongoji kwa niaba ya inkosi. Wakoloni waliona taabu ya nini? Wote wakawaita machifu. Mfalme ni vigumu kumfukuza. Chifu unamwandikia barua tu, kesho hayupo.

Nilihamia Columbus kutafsiri maelezo ya waomba hifadhi katika kampuni moja. Huko nikaukuta ukoloni uleule umekaa kwenye kiti cha ofisini, unakunywa kahawa.

"Inkosi, induna, vyovyote vile, andika 'chief'," mkuu wa ofisi aliniambia.

"Bwana, hao ni watu wawili tofauti."

"Msomaji hataki somo la historia, mama."

"Bon, kwetu Kivu mwami si kapita wa kijiji. Mwami anazaliwa mwami. Kapita anawekwa, kesho anaondolewa. Ukiwachanganya, umesema uongo."

"Andika 'chief', tuendelee."

Niliacha kazi ile, nikaenda Buffalo kukalimani mahakamani kwa mkataba wa kampuni nyingine. Huko ndiko nilikokutana na Bwana Themba.

Alikuwa Mzulu mwomba hifadhi, fundi wa kuchimba visima, aliyekataa kuhamisha makaburi ya wazazi wake ili mgodi wa makaa ya mawe upite. Induna wa kitongoji alikuwa upande wa mgodi. Akatuma watu wakamchomea nyumba. Inkosi akamficha nyumbani kwake mpaka Themba akapata njia ya kutoroka. Maelezo yake yalikuwa yametafsiriwa na mtu nisiyemjua, naye, kama ilivyo desturi ya kampuni hizi, aliandika "chief" kote.

Wakili wa serikali akasimama. "Ukurasa huu chifu alikuchomea nyumba. Ukurasa unaofuata chifu alikuficha. Uongo ni upi?"

Themba alinigeukia akingoja Kizulu chake. Ilinipasa nichague neno la Kizulu la huyo "chief". Nikisema inkosi, nimeongeza. Nikisema induna, nimeongeza vilevile. Nikainua mkono. Mkalimani mahakamani hasemi "mimi". Hujitaja kama mtu mwingine.

"Mheshimiwa Jaji, mkalimani anaomba kufafanua. Swali hili halina njia ya kwenda Kizulu. Neno 'chief' hapa linaweza kuwa mmoja wa watu wawili."

"Napinga!" wakili alisema. "Mkalimani si shahidi."

"Basi tumuulize shahidi," alisema jaji. "Bwana Themba, nani alichoma, nani alificha?"

"Induna alichoma," alijibu. "Inkosi alinificha. Nimesema hivyo tangu siku niliyofika."

Jaji aliagiza maelezo yote yatafsiriwe upya, na kikao kilichofuata Themba akapewa hifadhi. Lakini muda wote huo alikuwa kizuizini, akiitwa mwongo, na mkewe kule kwao alikuwa amezaa mtoto ambaye baba yake hajawahi kumshika. Siku aliyoachiwa nilimkuta ukumbini na mfuko wa plastiki wenye nguo zake.

"Mama," aliniambia, "hakuna hata mmoja aliyesema samahani?"

Hakuna. Aliyepigiwa simu ni mimi. "Umevuka mipaka," alisema mratibu wa kampuni, na tangu hapo nikawa napangiwa kliniki za meno tu, hadi nilipostaafu.

Sasa naishi hapahapa Buffalo, karibu na Grant Street. Vijana wa kwetu wanaofanya kazi hii hupita kunisalimu, wananiambia bado wanahimizwa waharakishe, wasisumbue. Nawajibu kwa hasira, na sioni sababu ya kuipunguza: inua mkono. Simamisha kikao. Watakununia, watakunyima zamu, donc, basi, utarudi kwako umekasirika. Lakini utarudi kwako. Yule aliyekaa kando yako hajui kama leo atarudi popote.