Ungo wa Kusikilizia

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza. Nataka kukufundisha kutengeneza antena ya duara kwa vitu ulivyo navyo nyumbani, na njiani nitakusimulia kilichonipata na yangu. Usiogope, si kazi ngumu. Ya kwanza mimi mwenyewe niliizungushia kwenye rimu ya baiskeli, redio ikawa bubu kabisa, kwa sababu duara la chuma lililofungana linameza mawimbi kabla hayajafika kwenye waya wako. Ukikosea namna hiyo, cheka, fungua waya, anza upya.

Nilikuwa nakaa Bwiza, mtaa wa jijini kando ya ziwa. Kabla ya vita nilikuwa na ruhusa ya kuzungumza angani na watu wa nchi za mbali, kwa kupenda tu, bila kuwajua sura. Vita vilipoanza mashine ya kurushia niliisalimisha, nikabaki na redio ya betri ya kusikilizia, kubwa kama tofali. Waya wa nje nao niliushusha. Siku zile ukionekana na waya juu ya bati ungeulizwa unaongea na nani kule milimani kwa waasi, na jibu lolote lingekuwa baya.

Antena ya duara haihitaji paa. Nilinunua ungo sokoni, nikazungushia ukingo wake waya wenye plastiki, mizunguko mitatu isiyogusana. Ncha mbili nikazichomelea kwenye kondensa ya kuzungusha, kile kidude chenye mabapa kilichomo ndani ya redio za zamani, cha kutafutia stesheni. Katikati nikaweka duara jingine dogo, la mzunguko mmoja, linalokwenda redioni. Basi. Unazungusha kondensa polepole, na mahali fulani redio inajaa sauti ghafla, kama umefungua mlango wa chumba chenye watu. Ukimaliza unautundika ungo ukutani, na hakuna askari atakayeutazama mara mbili.

Aliyenisumbua ni jirani yangu tu, mzee Mwislamu mwenye mashine ya kusaga unga nyuma ya ua wetu. Aliniona, mwanamume mzima, nikiugeuza ungo huku na huku, akaja kuegemea ukuta.

"We bibi arusi, leo unapepeta nini? Mi naona iko upepo tu."

Nilikuwa napima upande. Antena hii ina tabia moja ambayo ukiielewa umeelewa kazi yote. Isimamishe wima. Ukiielekezea sauti ukingo wake, inasikia vizuri. Ukiielekezea uso, inakuwa kiziwi. Kwa hiyo ukitaka kujua sauti inatoka wapi, geuza mpaka ipotee, kisha angalia ungo unatazama wapi. Sauti ya mbali haizimiki sawasawa, maana inashuka kutoka juu. Ile inayozimika kabisa iko karibu.

Mwaka ule dada yangu mdogo alikuja kukaa kwangu na watoto wake wawili. Mume wake alikuwa fundi wa foni katika misheni moja juu ya milima nyuma ya jiji. Foni ndiyo redio ambayo wamisheni waliitumia kuulizana habari za dawa na magari. Misheni iliposhambuliwa, alimwambia mkewe atangulie na watoto, yeye abaki kidogo aite msaada. Dada hakumwona tena. Waliopita baadaye walisema nyumba hazina mapaa. Maiti haikupatikana, wala habari.

Alasiri moja nilikuwa natafuta katika mawimbi ya wamisheni, dada akichambua maharage karibu yangu. Ikatoka sauti ya mwanamume akihesabu kama mafundi wanavyojaribu mashine, moja mpaka kumi, kisha kurudi chini mpaka moja. Mikono ya dada ikasimama ndani ya maharage.  Sauti ya shemeji yangu niliijua.

Hesabu ilipokwisha, kitufe cha kurushia hakikuachiwa. Tulisikia mtu anapumua. Alipumua polepole, karibu kabisa na kipaza sauti, kisha ukaja mlio mdogo, na kimya.

Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo, na keshokutwa yake. Jua likiwa bado kali, watoto wakicheza uani, hesabu inatoka, kisha pumzi. Dada akaanza kuijibu ile pumzi. Aliiambia mtoto mkubwa ameng'oka jino, mdogo alikuwa na homa lakini imeshuka, na mlango wetu uko upande gani wa mashine ya unga. Nilimkumbusha kwamba redio hii haipeleki sauti. Akasema anajua, akaendelea.

Kisha akaniambia ataniachia watoto, apande milimani kumfuata. Siku zile waliopanda kwa njia ile hawakuwa wakirudi. Nikamwomba tupime kwanza.

Pale uani sauti ilizimika kabisa, kama imekatwa kwa kisu. Lakini kipimo kimoja kinakupa mstari tu; ungo haujui mbele na nyuma. Uso wake ulitazama milima yetu, mgongo wake ukatazama ziwa na milima ya Kongo. Kama shemeji alikuwa Kongo, alikuwa mkimbizi, na tungemtafuta taratibu. Kama alikuwa huku, dada angeondoka kesho. Ili kujua, lazima upime tena kutoka mahali pengine, uone mistari miwili inakutana wapi. Nilichagua Buterere, kwenye mashamba ya mpunga, ambako hakuna mabati wala mashine za kuvuruga.

Mwanamume akibeba ungo huko angesimamishwa. Mwanamke mwenye ungo wakati wa mavuno, nani atamwona? Dada akaenda mwenyewe, redio ndani ya kikapu, spika ya sikioni imefichwa chini ya kitambaa cha kichwa. Akarudi akicheka na kulia. Ungo ulitazama kilima chenye mikaratusi, kile cha misheni. Mistari ilikutana upande wetu. Akaanza kukunja nguo.

Nilimsihi arudi akapime mara ya pili, kwa kuwa kipimo kimoja si kipimo. Akaenda akinung'unika.

Aliporudi hakutua kikapu. Alikaa nacho mapajani. Akaniambia taratibu kwamba hapa kwetu mashine ya unga inafunika sauti ndogo za nyuma, lakini kule Buterere sauti ni safi, na kuna jogoo anawika nyuma yake, hesabu inapotoka sita kurudi tano. Jana aliwika hapo. Leo pia, hapo hapo. Nikasema labda ni bahati tu, majogoo huwika.

"Apana. Ile mi naijua, inakataga sauti katikati kama mutu amebanwa koo. Kaka, ile jogoo mi niliichinja Noeli, kule misheni. Tuliikula na yeye."

Hapo nikaelewa. Mafundi wa foni hurekodi hesabu kwenye kaseti, ili mashine iseme peke yake wakati wao wako nje wanarekebisha waya. Shemeji alikuwa ameirekodi jogoo akiwa bado hai, kabla ya yote. Sasa mtu mwingine, juu kule kwenye nyumba zisizo na mapaa, alikuwa na mashine ile, na betri, na kaseti. Nilipomweleza, dada alitua kikapu.

"Na ule anapumuaga ni nani?"

Nikauchukua ungo, nikautundika ukutani. 

Alasiri iliyofuata tulisikiliza pamoja. Sasa tulipojua, jogoo alisikika hata chini ya mashine ya unga. Kisha ikaja pumzi, na mara hii ilikaa sana, kama inayongoja kuambiwa habari za watoto.  Dada aliinuka, akaushika ungo kwa mikono miwili, akaugeuza uso utazame kilima mpaka pumzi ikazimika.

Nguo alizirudisha sandukuni. Wiki ile aliwaandikisha watoto shule ya Bwiza, na hakupanda milimani. Hesabu iliendelea kwa muda, halafu siku moja haikutoka tena. Habari za mume wake hatujazipata.

Tengeneza yako, utaiweza. Na ukishapata mstari wako, usifunge safari bado: rudi kesho, saa ileile, mahali pasipo na kelele, vaa spika ya sikioni, na usikilize kilicho nyuma ya sauti.